Chokaa Chini ya Kope

Wimbi la kwanza liliingia mtumbwini kutoka ubavuni, na Apolline akasikia magunia yakianza kunguruma.

Yalikuwa magunia ya chokaa iliyotoka tanuruni, ikipelekwa Bukavu kujengea kanisa. Chokaa ya namna hiyo ikikutana na maji huchemka kama chungu motoni, ndiyo maana wabebaji walivuka Ziwa Kivu asubuhi, kabla ya upepo kuamka. Siku ile ya mwaka 1956 walichelewa kung'oa nanga, na upepo ukawakuta katikati.

Nyuma, kwenye kasia la kuongozea, alikuwa Bulonza, mkwe wake Apolline. Colombe, binti wa Apolline na mke wa Bulonza, alikuwa amejifungua huko Ibanda, Bukavu, na Bulonza alikuwa hajamwona bado mtoto wake wa kwanza. Apolline alikaa mbele, kuku wa kumpelekea mzazi mapajani, kitambaa kimeshushwa hadi kwenye nyusi. Kwa desturi ya Washi, mkwe hamtazami mama mkwe wake usoni, hamgusi, wala hasemi naye moja kwa moja. Tangu walipoondoka Kalehe maneno yao yalipita kwa Adalbert, mpiga kasia wa katikati, naye aliipenda kazi hiyo kuliko kasia.

“Maman, mukwe wako anasema ulale chini,” alisema sasa. “Mimi naongeza: na kuku naye.”

Wimbi la pili lilivua turubai lililofunika magunia. Gunia lilipasuka, mvuke ukapanda, na uji mweupe wa moto ukaruka. Bulonza alipiga yowe moja tu. Alipoondoa mikono usoni, kope zake zilikuwa zimebana kama ngumi.

Adalbert alirusha magunia ziwani mpaka viganja vikatoka malengelenge. Apolline alishika kasia ambalo alikuwa hajapata kulishika maishani, huku akimwita Bikira Maria kwa sauti ya mtu anayemwita jirani. Mtumbwi uligonga mwamba wa kisiwa kitupu, ukapasuka ubavu. Wakatoka wakitambaa.

Adalbert alikuwa na kichupa cha mawese, kwa kuwa wabeba chokaa hujipaka mawese mikononi na usoni wasiungue. Akayamimina machoni mwa Bulonza. Lilikuwa kosa la huruma. Mafuta yakashikana na chokaa, yakawa kama sabuni nzito, na Bulonza akaanza kujigonga kisogo kwenye jiwe.

Apolline hakuweza kukaa. Alikwenda ukingoni, akarudi, akaenda tena. Rozari ilimkatikia kwenye salamu ileile kila mara. Mkwe kipofu angeendeshaje mtumbwi? Colombe angekula nini? Na mtoto yule, baba yake angemjua kwa kumpapasa tu?

Kuku alikuwa amesimama kwenye jiwe, kichwa cheupe kwa vumbi la chokaa. Apolline alimtazama bila kutaka. Kutoka pembe ya jicho, upande wa mdomo, ngozi nyembamba karibu kama kioo ilivutwa, ikapita juu ya mboni, ikarudi. Kope za nje hazikufungwa. Ilipita tena, ikisukuma uchafu pamoja na chozi. Jicho lilikuwa safi, jekundu kidogo tu. Alikuwa amechinja kuku wengi, ameiona ngozi hiyo mara nyingi, wala hajawahi kuuliza Mungu aliiweka ya nini.

Binadamu hakupewa. Ana kope mbili tu, na Bulonza alikuwa amezifunga juu ya moto wenyewe. Mlango uliowekwa kumlinda ulikuwa umemfungia mwizi ndani.

Apolline alimwagiza Adalbert amlaze Bulonza kando ya maji, amfumbue macho, amwagie maji ya ziwa bila kupumzika. Jicho la kushoto lilitoa maziwa meupe, kisha maji matupu. La kulia lilikataa. Adalbert aliigeuza kope ya juu kwa kijiti cha jani, akaona donge la chokaa limeng'ang'ania. Vidole vyake vilikuwa vimevimba kama ndizi. Vya Apolline vilikuwa vigumu kwa jembe.

Kila mama wa kwao Kabare anajua kinachobaki hapo. Mchanga ukiingia jichoni mwa mtoto, mama huutoa kwa ncha ya ulimi.

Alimwambia Adalbert. Adalbert, kwa mara ya kwanza siku hiyo, hakupata utani. Akalipeleka neno.

“Hapana,” Bulonza alisema. “Umwambie maman, afazali nipofuke.”

Apolline alivua kitambaa, akapiga magoti, akakishika kichwa cha mkwe wake kwa mikono miwili.

“Bulonza, mimi ndiye nasema na wewe. Iko mutoto anakungoja. Fungua.”

Kijana aling'ang'ania jiwe. Kisha akafungua.

Chokaa iliuma ulimi kama kaa la moto. Alitema, akasukutua, akarudi. Akatema, akarudi. Mara ya mwisho alitema damu pamoja na donge, na Adalbert akamwaga maji mpaka akaishiwa nguvu mikononi.

Wavuvi wa kisiwa cha Ijwi waliwachukua asubuhi iliyofuata, ziwa limetulia. Hospitalini Ibanda walimfunga Bulonza vitambaa machoni, naye Apolline wakampa dawa ya kinywa na kumkataza kusema. Akabaki kuomba kimoyomoyo, akizunguka uani mpaka mtawa akamwomba walau azungukie upande mwingine.

Siku ya kufungua, Colombe alisimama kando ya kitanda na mtoto. Apolline alijificha nyuma yake, amesahau kujishushia kitambaa usoni. Vitambaa vya macho vilianguka. Bulonza alipepesa, akatazama mbele, na ghafla akageuza uso ukutani, kwa haraka, kwa aibu, kama mkwe mwema.

Apolline alishika ukingo wa kitanda. Mkwe wake alikuwa amemwona. Kucheka kulimchoma ulimi, naye akacheka.

Colombe akamwinua mtoto. Bulonza akarudisha uso polepole, akamtazama mtoto wake kwa muda mrefu, halafu akainua macho mekundu hadi kwa mama mkwe, asiyashushe.

“Maman,” alimwambia, bila mtu katikati, “ulimi iko inauma bado?”