Risaga ya Gorong'a

Boke na Konstantino waligombania dumu la mwisho la mafuta ya kula sokoni Tarime, kila mmoja amelishika upande wake.

"Achia, dada. Mimi nimeliona kwanza."

"Umeliona, hujalilipia. Mimi nina duka Nyamisangura, mura, watu wananisubiri."

Konstantino akalegea. Alitoka Bukoba kufuata dhahabu, akaikosa, na leo dada huyu mwenye kitenge cha njano alimfanya asahau kilichomleta sokoni. Alimbebea dumu mpaka dukani. Miezi miwili simu zao hazikupoa.

"Umekula, mpenzi?"

"Nile nini, na unga bei hii? Nashiba sauti yako."

Kisha kampuni moja ikanunua maduka yote ya jumla mjini. Unga ukapanda, sukari ikapanda, akina mama wakawa wananunua sukari kwa kijiko. Ulafi mtupu. Siku moja Konstantino akaingia kwa Boke amevaa fulana ya kampuni hiyo, ana karatasi: mwenye duka asaini kununua kwao tu, la sivyo asiuziwe kitu.

"Kumbe ulikuwa unanipeleleza?"

"Nimeajiriwa juzi, Boke. Nilitaka uisikie kwangu kwanza."

"Sisaini. Toka."

Konstantino alipiga simu mara ishirini, Boke hakupokea. Boke alilia sana, akafuta machozi, akawakusanya wanawake kumi wa mtaani. Wakaenda kijijini Gorong'a, ambako kampuni ilinunua mahindi kwa bei ya kutupa, wakafanya risaga: kuwapukuchulia wakulima kwa zamu, bila ujira. Wakulima nao wakakubali kuwauzia wao, si kampuni.

Siku ya tatu Konstantino akatokea uani kwa mzee Magige, mmoja wa wakulima, bila ile fulana. Akaamkia shikamoo, akakaa chini, akapukuchua mpaka vidole vikatoka malengelenge. Ugali ulipoletwa, Boke akamzuia mkono.

"Ukila chakula cha risaga, utamfanyia kazi kila mtu aliyeko hapa. Huwezi kula ukaondoka."

"Kazi ya kampuni nimeacha. Siondoki."

"Msimu huu tu?"

"Yote. Nataka nikuoe, Boke."

Wanawake wakaacha kutafuna. Boke alimpenda, na hakuona sababu ya kuficha tena.

"Wakija kutufungia duka?"

"Watatukuta wote wawili mlangoni."

Boke akamsogezea sahani. "Kula, basi. Kesho ni zamu ya shamba la Bernadetha, tunapukuchua kwake, na keshokutwa unga wetu uko dukani kwa bei ya zamani. Waje."