Ujumbe wa Persis

Kila asubuhi ya likizo ile ya Agosti, mwaka 1999, Chandni alishuka ngazi kutoka kwao ghorofani, akaingia dukani kwa baba yake, akaketi nyuma ya kaunta na kuanza kazi yake ya kutokuwa na kazi. Rafiki zake walikuwa wamekwenda kwa nyanya zao huko Nyamira. Mama yake alikuwa Kisumu akimuuguza ndugu yake. Kaka yake, Ishan, alikuwa chuoni India, na tangu aende alikuwa ameandika mara moja tu. Watu walipita mlangoni tele, mji wa Kisii haukosi watu, lakini hakuna hata mmoja aliyesimama kumuuliza habari.

Baba yake, Bwana Arvind, aliuza madaftari, alitoa nakala na alipigisha watu simu. Mwaka huo alikuwa ameongeza jambo jipya: kompyuta yenye baruapepe. Waliokuwa na jamaa ng'ambo walipokea jumbe zao kwa anwani ya duka. Ujumbe ambao haujasomwa ulionekana kwa herufi nene nyeusi. Ukishafunguliwa tu, herufi zake zilikonda. Kila jioni Bwana Onsongo, msaidizi wa duka, alichapisha jumbe zenye herufi nene tu, akazitia katika bahasha na kuziweka rafuni zingoje wenyewe. Utaratibu huo ulikwenda vizuri mpaka Chandni alipogundua kwamba mchana, Onsongo akienda kula, kiti cha kompyuta hubaki wazi.

Mwanzoni alitafuta jina la Ishan tu. Hakuliona. Basi akafungua ujumbe wa mtu mwingine, mara moja tu, aone watu huandikiana nini. Kumbe wee! Kulikuwa na baba aliyeuliza kama ng'ombe amezaa. Kulikuwa na dada aliyembembeleza mdogo wake asiache kumeza dawa. Kulikuwa na Persis, msichana wa Kiogoro aliyesomea uuguzi Uswidi, aliyemwandikia mamake: "Mama, huku jua linachelewa sana kutua. Nakukumbuka kila nikila." Chandni aliurudia ujumbe huo, akamwonea mama huyo wivu. Kwa muda mfupi kila mchana alikuwa na jamaa wengi. Kisha Onsongo alirudi, naye akawa peke yake tena. Wala hakudhani ameiba kitu. Ujumbe si uko palepale?

Alhamisi moja, siku ya soko, Mama Persis aliingia akitokea soko la Daraja Mbili, leso yake ina madoa ya utomvu wa ndizi.

"Bwana Onsongo, leo kuna chochote?"

Onsongo alipekua bahasha zote. "Hakuna, Mama Persis. Pole."

"Kila nikija ni hakuna." Mama alicheka, lakini macho yake hayakucheka. "Majirani wanasema mtoto akishaonja Ulaya humsahau aliyemzaa. Nimemtetea mpaka nimechoka. Leo ndiyo mwisho. Sitakuja kuuliza tena."

Akatoka. Chandni alibaki ameduwaa. Persis hajaandika? Mbona yeye mwenyewe amesoma jumbe zake?

Onsongo alipokwenda kula, Chandni aliirukia kompyuta. Jumbe za Persis zilikuwa pale, zote kwa herufi nyembamba. Ndipo alipong'amua. Kila alichokifungua kilikonda, na kilichokonda hakikuchapishwa.

Haya, mtoto afanye nini? Akisema, atafukuzwa kwenye kile kiti, na hana pengine pa kwenda. Akatafuta katika amri za programu, akapata ile inayorudisha ujumbe kuwa haujasomwa. Akaibofya. Papo hapo jina la Persis likanenepa. Loo, afueni iliyoje! Jioni Onsongo atachapisha, na hakuna atakayejua kitu.

Alirudisha hivyo moja baada ya nyingine, mpaka akafika kwenye ule wa mwisho, ambao awali aliupitia harakaharaka, akausoma tena.

"Mama, Alhamisi hii saa tisa alasiri nitapiga simu dukani. Tafadhali uwepo. Wananipeleka kaskazini kwa mazoezi, na sijui nitapata simu lini tena. Nimeandika sana na hujibu. Kama nimekukosea, niambie kwa sauti yako."

Alhamisi ndiyo hiyo. Saa ya ukutani ilionyesha saa nane na nusu. Herufi nene zingemficha yeye vizuri kabisa, lakini simu ingelia na Persis asingempata mama yake.

Chandni alipiga moyo konde, akaenda kwa baba yake.

"Papa, nimekosa. Nimekuwa nikifungua jumbe za watu. Za Mama Persis hazikuchapishwa kwa sababu yangu. Na binti yake anapiga simu saa tisa."

Bwana Arvind alivua miwani. Alitaka kufoka, akaitazama saa, akaacha.

"Mwite Onsongo, mkimbie sokoni. Mimi nitakaa na simu. Kompyuta isiunganishwe na mtandao, isije ikaishika laini ya simu."

Walimkuta Mama Persis akifunga mikungu ya ndizi iliyobaki.

"Mama Persis, Persis anapiga simu sasa hivi!" Chandni alihema. "Aliandika, mama. Aliandika mara nyingi. Ni mimi niliyezifungua, ndiyo maana hukupewa. Nisamehe."

Mama alimkodolea macho. Kisha akamwachia jirani ndizi zake, akashika njia, na Chandni akamfuata mbio nyuma yake.

Simu ililia wakiwa mlangoni. Mama Persis alizungumza Ekegusii, mara akicheka, mara akijifuta machozi kwa leso. Alipoweka mkono wa simu chini, aliketi.

"Ameniuliza kama nimemkasirikia," alisema taratibu. "Na ni kweli, nilimkasirikia. Nimelala na hasira kwa mtoto ambaye hakunikosea chochote."

Chandni aliangua kilio. "Nilisoma kwa sababu sina wa kuongea naye."

"Upweke si kosa," Bwana Arvind alisema, "na mimi ningepaswa kuuona. Lakini maneno ya mtu ni mali yake. Ulipoyachukua kujiliwaza, uliwaachia wawili upweke mkubwa kuliko wako. Kisha ukataka kufunika. Ungefunika, leo simu ingelia bure. Kosa huanza kutengenezeka pale mtu anapolisema."

Jioni hiyo Chandni alimwonyesha Onsongo kila ujumbe aliowahi kuufungua. Walizichapisha zote zilizobaki, na kesho yake wakazipeleka kwa wenyewe, Chandni akiomba radhi mlango kwa mlango. Tena Onsongo alibuni utaratibu mpya: ujumbe ukishachapishwa uhamishiwe folda yenye jina la mwenyewe, ili unaobaki nje ujulikane bado, uwe mnene uwe mwembamba.

Lakini kabla ya hayo, alasiri ileile, Onsongo alikuwa amemchapishia Mama Persis jumbe za binti yake, naye akakusanya karatasi zake na kusimama mlangoni.

"Wewe msichana," aliita.

"Naam, mama."

"Siku nyingine ukiona jina la Persis, usiufungue ujumbe. Ningoje nije," alisema. "Nitakusomea mwenyewe."