Sahani za Mama Evod

“Nirudishie sahani zangu! Leo hii, siyo kesho!” Mama Evod alifoka, mikono kiunoni, mlangoni kwa jirani yake Dativa. Mtaani Kibaoni umbea hauhitaji kengele, watu walishajaa.

“Sahani zina kosa gani, jirani?” Dativa aliuliza kwa sauti ndogo.

“Tumbo lilimmaliza mama yako, sasa limekuhamia. Unataka limhamie na Evod wangu?”

Stumai, binti wa Dativa, alizitoa sahani nje. Ni yeye tu aliyejua kwamba mama alikuwa akitapika damu. Mama alimwapisha asiseme.

Siku ya tatu mama alianguka jikoni. Stumai alikimbilia nyumba ya karibu. “Mama Evod, mama anakufa!”

Mama Evod alitupa mwiko. Yeye mwenyewe aliita bajaji, yeye mwenyewe akampakata mgonjwa mpaka hospitali.

“Ni kiungulia tu, daktari,” Dativa alinong’ona, akimkazia Stumai macho.

Stumai alimgeukia daktari. “Shikamoo daktari. Anatapika damu. Bibi alianza hivyohivyo.”

Daktari Aikande aliagiza kipimo cha kamera tumboni. Majibu yalipotoka, ilikuwa saratani ya tumbo, lakini haijasambaa.

“Mimi nimekula naye!” Mama Evod aliruka. “Nimeshaipata?”

“Umewahi kuamia ndege shambani, kuwafukuza wasile mpunga?” daktari alimuuliza.

“Mimi? Mzaliwa wa Idete, kwenye mashamba ya mpunga!”

“Basi kila seli ya mwili ni shamba la mpunga. Ndani yake kuna kromosomu zilizobeba jeni, yaani maagizo. Jeni nyingine ni walinzi. Huzuia seli zisizaliane ovyo. Kila mlinzi ana mwenzake. Kipande cha kromosomu kikikatika na kupotea, mlinzi mmoja huondoka nacho. Wa pili naye akiharibika, dungu, kile kichanja cha mlinzi, linabaki tupu.”

“Ndege wanamaliza mpunga,” Mama Evod alisema taratibu.

“Ndiyo saratani hiyo. Haihami kwa sahani.”

“Na mimi, daktari?” Stumai aliuliza. “Bibi, kisha mama…”

“Ni wachache wanaozaliwa na mlinzi mmoja aliyekwisha kuharibika. Tutaufuatilia ukoo wenu. Umefanya vema kusema. Siri hulinda ugonjwa, mwanangu, hailindi mgonjwa.”

Dativa alipasuliwa, sehemu ya tumbo ikaondolewa. Aliporudi nyumbani amekonda lakini anatembea, Mama Evod alikuja na sahani zilezile, akasimama nje kama mgeni.

“Mbona umezileta tupu?” Dativa alimchokoza.

“Niliogopa hutakula changu. Mdomo wangu huu, jirani, nisamehe.”

“Mdomo huohuo ndio ulioita bajaji. Stumai, mletee mama yako mkubwa maji ya kunawa. Wali na perege viko tayari. Ingia, jirani, tule.”