Alipoulizwa, Alinyamaza

Kila asubuhi, ukaguzi wa kucha ukishakwisha, wanafunzi wote walibaki mistarini kusikiliza habari za shule. Msomaji alipanda kwenye baraza ya ofisi, akashika kile kipaza sauti cha mkono kilichofungwa utepe wa plastiki ubavuni, akasoma. Nani ameshinda mbio, bomba gani limepasuka, darasa gani linatafuta ufagio wake. Kipaza sauti kilikuwa kikorofi, kilikoroma kwanza kabla ya kukubali kusema. Lakini kikishakubali, sauti ilivuka ukuta ikafika barabarani, kwa kinyozi, kwa wauza mboga na kwa mafundi cherehani. Kwa hiyo habari za shule zilikuwa habari za mtaa mzima.

Wasomaji walikuwa wawili, wakipokezana. Mmoja alikuwa mvulana wa darasa la saba aliyeitwa Kasuku. Mwingine alikuwa msichana wa darasa la sita, na wenzake walimwita Redio, kwa sababu hata akizimwa aliendelea kusema.

Mwalimu wa habari, mwanamke kijana ambaye miwani yake haikutulia puani, alikuwa na sharti moja, na alilirudia hadi watoto wakawa wanamwigiza. "Mtu akitajwa katika habari, kwanza aulizwe. Halafu jibu lake lisomwe, hata likiwa fupi." Ndiyo maana kila habari ilikuwa na maneno yale yale: alipoulizwa, alisema.

Siku moja Kasuku alisoma habari ya mbuzi aliyeingia darasa la kwanza akatafuna chati ya irabu. Alipoulizwa, mwenye mbuzi alisema mnyama wake ana kiu ya elimu. Shule ilivunjika mbavu. Hata kinyozi alisikika akicheka ng'ambo ya ukuta. Redio naye alicheka, lakini roho ilimuuma, maana zamu ya kesho ilikuwa yake na habari aliyokuwa nayo ilihusu bomba la maji.

Kesho yake asubuhi, akifagia nyuma ya jiko, Redio aliona jambo. Mama Mpishi, yule mama wa maneno machache na mwiko mrefu, alikuwa kwenye lango la nyuma na mvuta mkokoteni. Walipakia gunia la maharage, wakalifunika turubai. Mama Mpishi akaangaza kushoto, akaangaza kulia, wakatoka.

Redio aliukazia macho mkokoteni. Siku zile maharage yalikuwa yamepungua kwenye sahani, na watoto walikuwa wakinung'unika hadi nyumbani kwao. Kumbe! Angeweza kukimbia hatua chache tu akauliza, "Shikamoo Mama Mpishi, gunia linakwenda wapi?" Hakukimbia. Alisimama pale pale na ufagio wake, mkokoteni ukapotea kwenye kona.

Uwanjani alisoma habari ya bomba, ile ambayo mwalimu alikuwa ameipitia. Kisha, badala ya kushuka, akavuta pumzi.

"Habari ya mwisho. Gunia la maharage ya wanafunzi limeonekana likitolewa kupitia lango la nyuma. Limetolewa na Mama Mpishi, likiwa limefunikwa turubai, huku yeye akiangaza kushoto na kulia."

Hapo akasita. Bila yale maneno ya kawaida, habari ingesikika kama umbea.

"Alipoulizwa," akamalizia, "alinyamaza."

Mwalimu wa habari alikuja mbio, miwani mkononi, lakini alichelewa. Minong'ono ilikuwa imeshaanza mistarini. Ng'ambo ya ukuta, mashine ya kinyozi ilikuwa imezimwa.

Darasani Redio alipata umaarufu ambao mbuzi hakuwahi kuupata. Wenzake walimgeukia kila mwalimu alipoandika ubaoni. Kabla ya mapumziko mwalimu wa habari alimwita nje.

"Ulimwuliza lini?"

"Asubuhi, mwalimu."

"Wewe mwenyewe? Ana kwa ana?"

"Ndiyo, mwalimu."

Mwalimu alivaa miwani yake. "Mwalimu mkuu yuko mkutanoni, simu yake haipatikani. Wazazi wameanza kujaa getini. Kama kuna kitu hujaniambia, niambie sasa."

Redio alitazama viatu vyake. "Hakuna, mwalimu."

Getini kelele zilikuwa zikipanda. Kinyozi alikuwepo na aproni yake yenye nywele za watu. Muuza mboga mmoja alikuwepo na kapu lake. Na katikati, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, alikuwa fundi cherehani mmoja aliyechangamka kuliko wote. Huyo alikuwa mama yake Redio.

"Mwanangu ndiye aliyefichua!" alimwambia kila aliyefika. "Mtoto huyu haogopi mtu!"

Redio, aliyekuwa amerudi darasani, alimsikia kutoka dirishani, akatamani ardhi immeze.

Mara mtu akapiga kelele. Mama Mpishi alikuwa anarudi, mvuta mkokoteni mbele, na juu ya mkokoteni kulikuwa na gunia la maharage.

"Anarudisha! Amesikia mambo yameharibika, sasa anarudisha!"

"Ninarudisha nini?" Mama Mpishi alishangaa. "Jamani, nimetoka dukani..."

"Dukani kuuza chakula cha watoto wetu!"

Watu waliuzingira mkokoteni. Mmoja alivuta gunia upande huu, mvuta mkokoteni akalivuta upande ule, likachanika. Maharage yakamwagika mavumbini. Mvuta mkokoteni alifoka, akaeleza, akafoka tena, lakini hakuna aliyemsikiliza. Wanafunzi walikuwa wametoka madarasani, wakaja kusimama nyuma ya walimu wao.

"Mbona ulipoulizwa ulinyamaza?" kinyozi aliuliza. "Kama huna kosa, si ungejibu tu?"

"Nani aliniuliza?" sauti ya Mama Mpishi ilipanda. "Nani? Lini?"

"Usitufanye wajinga! Redio alikuuliza, tumesikia kwa masikio yetu!"

Neno hilo moja, alinyamaza, ndilo walilolishikilia wote. Turubai lingeweza kuelezwa, hata gunia lingeweza kuelezwa. Kunyamaza hakukuelezeka.

Mwalimu mkuu msaidizi alipenya katikati, jasho likimtoka. "Mama, kwa usalama wako, nipe funguo za jiko uende nyumbani. Mwalimu mkuu akirudi tutaona."

Mama Mpishi aliingiza mkono mfukoni mwa aproni. Akazitoa funguo. Akamwona Redio nyuma ya mwalimu wake.

"Mwanangu," alisema taratibu, "nimeambiwa ni wewe uliyeniuliza. Basi wakumbushe. Labda mimi nilikuwa nimeziba masikio."

"Waambie, mwanangu!" mama yake Redio alipaza sauti. "Usiogope, mimi niko hapa!"

Redio alimtazama mama yake. Uso ule ulikuwa umejaa fahari, na hilo lilimwumiza kuliko kelele zote. Akizitazama funguo, alijua kwamba zikishapokelewa hazitarudi kirahisi.

"Sikumwuliza," alisema.

"Anasemaje?" watu wa nyuma waliuliza. "Hatusikii!"

Redio alimgeukia mwalimu wa habari. "Mwalimu, naomba kipaza sauti."

Kililetwa. Kilikoroma, kikakoroma tena, kisha kikakubali.

"Sikumwuliza," Redio alisema, na mara hii barabara nzima ilisikia. "Mama Mpishi hakunyamaza. Nilimwona kwa mbali tu. Maneno ya kwamba aliulizwa niliyatunga mimi. Na mwalimu aliponiuliza, nikamdanganya."

Mama yake alishika futi kwa mikono miwili, mdomo wazi.

Redio alikuwa akilia sasa, lakini hakukiachia kipaza sauti. "Mama Mpishi, shikamoo. Naomba nikuulize. Gunia la asubuhi ulilipeleka wapi?"

Mama Mpishi aliwajibu watu, si yeye.

"Maharage yale yameingiwa na fukusi, wale wadudu wa nafaka. Wiki nzima nachambua, mabovu natupa, ndiyo maana sahani zimepungua. Mwalimu mkuu aliniambia nilirudishe gunia dukani nibadilishiwe. Nimebadilishiwa. Hilo hapo mmelimwaga."

"Nimesema hivyo tangu mwanzo!" mvuta mkokoteni alifoka. "Bovu liko dukani, nendeni mkalione! Mnataka niimbe?"

Kinyozi alikuna kichwa. "Lakini kule kuangaza kushoto na kulia..."

"Nilikuwa navuka barabara, baba. Ulitaka nivuke nimefumba macho?"

Kicheko kimoja kilianza nyuma, kikafa chenyewe. Mwalimu mkuu msaidizi alirudisha mkono wake mfukoni bila funguo. "Tusamehe, mama," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo. Wa kwanza kupiga magoti na kuokota maharage alikuwa mama yake Redio, futi ikiburuzika mavumbini. Wengine wakafuata, kinyozi pia. Siku hiyo chakula kilichelewa sana, na hakuna mtoto aliyenung'unika.

Redio aliondolewa kwenye kipaza sauti hadi muhula uishe. Jioni mama yake alifunga cherehani mapema.

"Twende," alisema.

"Wapi, mama?"

"Kwa kila aliyekusikia asubuhi na hakuwepo mchana. Na mimi naja, maana habari hiyo niliitangaza kuliko wewe. Mteja akija kwangu nampima yeye mwenyewe, simpimi kwa maneno ya jirani. Leo nilisahau kazi yangu."

Walipita kibanda kwa kibanda. Kila mahali Redio alirudia maneno yale yale, na kila mahali yalikuwa magumu upya. Lakini yule muuza mboga mwenye kapu alikuwa ameondoka getini kabla ya mambo kuwa wazi, na habari alikuwa ameondoka nayo. Walimpata kesho yake asubuhi, akishusha mchicha. Alikuwa ameshawasimulia majirani zake wote. Redio alimwomba awaambie ukweli, naye akaahidi, ingawa alisema hakumbuki ni nani na nani.

Kutoka hapo Redio alikwenda moja kwa moja kwenye dirisha la jiko. Mama Mpishi alikuwa akichambua maharage kwenye sinia.

"Kuna wengine sitawapata," Redio alisema. "Sijui hata ni akina nani."

"Najua. Hata jana nikienda nyumbani kuna waliovuka upande wa pili wa njia." Mama Mpishi alitoa kijiwe kwenye sinia. "Niambie, mwanangu. Kwa nini hukuniuliza? Uliogopa nitakufukuza na mwiko?"

"Hapana." Redio alifuta macho. "Niliogopa utanipa jibu la kawaida. Habari isingekuwa tamu tena."

Mama Mpishi aliacha kuchambua.

"Jibu lenyewe lilikuwa la kawaida kweli. Wadudu, duka, gunia jipya. Hakuna cha kushangaza hapo. Lakini jina langu lilikuwa salama ndani ya jibu hilo, na wewe ukalitupa ili watu wakushangilie. Sikia, nakusamehe. Ila ukitaka kusema jambo la mtu, mwendee, umwulize, umsikilize hadi mwisho, hata akikuchosha. Na kama hukumwuliza, sema hukumwuliza. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Mama Mpishi."

"Haya, nawa mikono uingie. Sinia la pili liko hapo."

Redio alinawa, akaingia. Akakaa kwenye kigoda, akavuta sinia karibu. Alishika harage moja lenye doa, akataka kulitupa, kisha akasimamisha mkono.

"Mama Mpishi, hili ni bovu au ni rangi yake tu?"

"Lete nilione," alisema Mama Mpishi.