Chumba cha Watu Watano

Taulo moja lilikuwa limelowa. Mengine manne yalikuwa makavu, yamekunjwa vizuri juu ya vitanda, lakini la kitanda cha dirishani lilikuwa zito kwa maji, kana kwamba mtu ametoka kuoga sasa hivi.

Nyasuguta alilikamua kimya kimya. Hakutaka kulalamika. Nyumba za wageni zilizopakana na bustani ya michezo ya watoto zilikuwa za wenye uwezo. Yeye na mumewe Mochama, wauza ndizi wa mjini Migori, walikuwa wamezunguka Homa Bay mchana kutwa na watoto na mabegi, wakiambiwa bei, wakishukuru, wakiondoka. Bei ya hapa tu ndiyo waliyoiweza. Tena ilikuwa Ijumaa, jua linazama, nao ni Wasabato. Sabato ikishaingia hawanunui wala hawatafuti chumba.

"Kimebaki kimoja, cha nyuma," Filister, dada wa mapokezi, alikuwa amewaambia. "Ni cha familia, vitanda vitano, rahisi sana. Lakini hakipewi watu pungufu ya watano, mama. Ni sheria ya mwenye nyumba."

"Tuko watano," Nyasuguta alijibu.

Mochama alimgeukia mkewe. Filister akachungulia nyuma yao. "Mbona naona wanne? Mwingine yuko wapi?"

"Yuko nyuma. Anakuja."

Neno lilimtoka kabla hajalipima, ila moyoni hakuliona kuwa uongo. Dorah, kifungua mimba wake, alikuwa amefariki kwa homa mwaka uliopita, kabla ya kuletwa kwenye bembea alizoahidiwa. Mama yake hakuwahi kuacha kumhesabu. Akipakua chakula, sahani ya Dorah ilikuwapo. Watu wa Migori bado walimwita Mama Dorah. Na kanisani walimwambia mtoto amelala tu, anangoja parapanda. Sasa mtoto aliyelala unampunguzaje?

Filister hakucheka. Alishusha sauti. "Una hakika anakuja?"

"Anakuja."

Akawapa funguo.

Walifungua Sabato kwa wimbo, wote wanne wamekaa kitanda kimoja, Bathsheba karibu na baba yake na Ratemo mdogo mapajani pa mama. Kwenye kiitikio ikaingia sauti nyingine, nyembamba, ikichelewa kidogo kila neno kama mtu anayejifunza wimbo kwa kuwasikiliza wengine. Mochama akanyamaza. Bathsheba akanyamaza. Sauti ile ikakimaliza kiitikio peke yake.

"Ni watu wa chumba cha pili," Mochama akanong'ona.

"Hakuna chumba cha pili, Baba Dorah. Ukuta huu unatazama ziwa. Twende."

"Twende wapi? Sabato imeingia. Tuombe, tulale."

Waliomba. Usingizi uliwajia kwa vipande, na katikati ya kila kipande palikuwa na harufu ya matope ya ziwani, na godoro la dirishani likilia polepole kama la mtu anayejigeuza.

Kulipokucha, Ratemo alikuwa anatetemeka. "Mama, yule msichana amesema kitanda chake ni baridi. Nimempa blanketi yangu." Nyasuguta akamfunika leso yake.

Mochama aliyachukua mabegi, akazungusha funguo, akavuta mlango. Kitasa kilizunguka vizuri. Mlango haukusogea. Akavuta tena, akaupiga bega, akaita, mpaka ndala zikasikika nje.

"Mzee, mlango hauna shida," Filister akasema kwa nje. "Hiki chumba hutoa watu vile walivyohesabiwa. Wazee wa hapa husema ni jini, liliingia na maji ziwa lilipofurika. Mlisema watano. Mtoke watano."

"Fungua, dada! Tuna watoto!"

"Si mimi nafungua, jameni. Niliwauliza. Si niliwauliza?" Ndala zikaondoka mbio.

Hapo ndipo blanketi la dirishani lilipoinuka, likakaa, na kutoka chini yake sauti ya Dorah, ile ile, yenye mafua kidogo, ikasema, "Mama, nishike mkono. Twende bembea." Na mlango ukaachia ufa, mwanga wa asubuhi ukaingia, wakasikia muziki wa bustani na watoto wakicheka.

"Mama Dorah," Mochama akanong'ona, "wafu hawajui neno lolote. Unalijua Neno. Hilo si mtoto wako."

Alijua. Alijua na bado miguu yake ilikuwa imeshapiga hatua, kwa sababu sauti ile alikuwa ameililia usiku na mchana, na mkono uliotoka chini ya blanketi ulikuwa mdogo kama ule aliouosha mwenyewe kabla ya kuufunika, na mwili wake wote ulitaka kuushika hata kama ungekuwa wa shetani mwenyewe, na ilimbidi aurudishe mwili huo nyuma kama mtu anayemvuta ng'ombe mwenye kiu kutoka kisimani, akiwa na pumzi moja tu kifuani, na pumzi hiyo akaitumia kusema lile ambalo hajawahi kulisema mbele ya mtu.

"Nilidanganya. Dorah alikufa. Nilimzika. Sisi ni wanne."

Kitu kile kikapiga ukelele, pazia likajifunga lenyewe, chumba kikawa giza. Mlango ukafunguka wote, lakini mwanga haukuingia. Mochama akamburuta Bathsheba nje. Nyasuguta akapapasa, akamnyakua mtoto pamoja na leso iliyomfunika, akamkumbatia kifuani, akatoka mbio. Mlango ukajibamiza nyuma yao.

Walisimama uani, kwenye jua. Mochama. Bathsheba. Yeye. Na mtoto begani. Wanne.

"Asante Yesu," akasema Mochama, akapiga magoti.

Ndipo ngumi ndogo zilipoanza kugonga mlango kwa ndani.

"Mama!" Ilikuwa sauti ya Ratemo, imekauka kwa kilio. "Mama, umeniacha! Mama, mimi niko huku!"

Mochama aliurukia mlango. Haukusogea. Nyasuguta alitaka kumweka chini aliyembeba, lakini mikono midogo, baridi, ilikaza shingoni mwake, na mdomo ukamsogelea sikioni.

"Usigeuke, Mama. Umesema wanne. Si tuko wanne?"