Mlango wa Jikoni

Gati la Mbita lilijaa watu, kelele na samaki asubuhi ile ya mwaka wa tisini na sita, na Trizah, aliyetoka kisiwani Remba na magunia yake ya omena, wale dagaa wa ziwani, hakuwa na hamu ya kusaidiwa na mtu. Gauni lake la maua lilikuwa limelowa mpaka magotini. Ndipo fundi seremala mmoja, penseli sikioni, akainamia gunia.

"Wacha! Unataka nikulipe?"

"Nataka tu kupita, dada. Umefunga njia."

Trizah akacheka bila kupenda. "Haya basi, shika huko, mimi nishike huku."

Wakalibeba pamoja. Hivyo ndivyo alivyomjua Fanuel, na mapenzi hayakumpa nafasi ya kukataa.

Walipokubaliana kuoana, Trizah alitoa sharti moja tu: biashara yake haachi, na kazi za nyumbani watagawana.

"Hata kupika, jaherana, mpenzi wangu?"

"Hata kupika," Fanuel akajibu, macho pembeni.

Siku moja Trizah akarudi mapema kutoka Remba, akapitia kwa mchumba wake. Jiko la Fanuel lilifuka moshi, mlango umekomewa kwa ndani, na harufu ya samaki, ngege wa nyanya, ilitanda uani. Priscilla, jirani wa Fanuel, akamnong'oneza Trizah, "Kila jioni ni hivyo. Kuna mwanamke humpikia."

Trizah hakubisha hodi. Alikwenda zake Homa Bay kwa mjomba wake Boaz, akilia njia nzima.

Fanuel akapiga simu dukani kwa mjomba, Trizah akamshtaki habari za yule mwanamke. "Mwanamke gani, mpenzi? Ni mimi nilikuwa napika!"

"Na mlango ulifunga wa nini?"

"Mwanaume kwa jiko, Trizah... Watu wangenicheka."

Jibu hilo lilimuuma kuliko habari za mwanamke mwingine. "Mimi nabeba omena mchana, watu wananiona. Wewe utanisaidia kwa kujificha? Jumamosi mjomba anakuja kukuona. Ukijifungia tena, harusi hakuna."

Jumamosi Trizah na mjomba walikuta majirani wamejaa uani, wakicheka wazi wazi. Jiko halikuwa na mlango. Fanuel alikuwa ameung'oa na bawaba zake, akaupiga randa, akaulaza nje juu ya magogo mawili uwe meza. Yeye mwenyewe alikuwa ndani, mikono ya shati jeupe imekunjwa, anasonga ugali, jasho linamtiririka.

Mjomba Boaz aliguna. "Kijana, wewe ukipika, msichana wetu atafanya nini hapa?"

"Leo atakula, mzee. Kesho nitakula mimi."

Mjomba akanawa mikono. Alikula, akaomba samaki wa pili.

Jua likawafikia. Fanuel akainuka. "Tusogeze kivulini. Trizah, shika huko."

Trizah akashika. Wakaubeba mlango na chakula juu yake, mbele ya Priscilla na mtaa mzima, naye Trizah akajiona mrefu kuliko siku zote.

"Polepole," akamwambia mchumba wake. "Usimwage mchuzi wako."