Kichwa cha Kufundishia

Duka la vipodozi lilifurika. Mikono miwili ikashika mashine moja ya kunyolea.

“Dada, niachie. Nimeiona kwanza,” alisema kijana mmoja kinyozi.

“Wewe umeiona, mimi nimeishika,” alijibu binti mwenye gauni la njano. Akaondoka na mashine, na namba ya simu ya kinyozi yule, na moyo wake pia.

Haukupita muda, kinyozi akaajiriwa kwenye saluni ya baba wa binti. Mzee aliifungua baada ya saluni za Wazungu mjini kumfukuza: nywele za Weusi hawanyoi. Tangu hapo msimamo wake ulikuwa mmoja, sisi kwa sisi. Wapenzi wakawa wanataniana humo kutwa nzima, hadi kinyozi alipopata kazi kwenye saluni mojawapo ya zile za Wazungu.

“Kwa waliomfukuza baba?” binti alifoka kwenye simu.

“Kwa hao hao, mpenzi. Wakijua kutunyoa watakosa kisingizio.”

“Baba amesema hamwozi binti yake kwa mtu wa kujipendekeza.”

Akakata simu. Siku alipomwona barabarani, kinyozi alikuwa amevaa kofia hadi masikioni. Kumbe sasa anazionea haya nywele zake! Hasira zikampeleka moja kwa moja hadi kule kazini kwake.

Alimkuta kwenye kiti cha mteja. Nyuma yake msichana wa Kizungu alishika mashine. Kichwa chote kilikuwa mabaka.

“Mungu wangu! Nani kakufanya hivi?”

“Wote, kwa zamu. Sitaki mteja Mweusi hata mmoja awe wa kujifunzia. Wajifunzie kwangu.”

Binti alicheka hadi machozi yakamtoka. Alimpenda mno mtu huyu, akashukuru kwamba amekuja.

“Lakini saluni yetu haifungwi,” alisema.

“Isifungwe kamwe! Ndiyo iliyonipokea, ndiyo iliyonipa wewe. Namshukuru mzee kila siku. Nataka tu mtoto wetu awe na mlango wa kuchagua.”

“Mtoto wetu? Umeniposa lini?”

“Sasa hivi, mpenzi.”

Binti akampigia baba yake, akamweleza yote bila kuficha.

“Kichwa kimeharibika sana?” mzee aliuliza.

“Vibaya sana, baba.”

“Mlete nimnyoe. Hawezi kumwoa binti yangu akiwa hivyo.”

“Asante, baba,” alisema, akamvuta kinyozi mkono waondoke.